Binti anataka kuwa mwendesha mashtaka wa shirikisho Marekani: nimwambie nini?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Columbus, Ohio. Familia yake ilihama Tanga binti akiwa na miaka 6. Sasa binti yuko mwaka wa pili wa chuo cha sheria, na ametangaza nyumbani kwamba hana haja na kampuni kubwa za mawakili. Anataka kuwa mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho. Baba amenuna. Anasema hiyo ni kazi ya kufunga wenzetu, mshahara wake hautamaliza deni la masomo, na mtoto wa wahamiaji hata akiomba hataipata. Mama anauliza: je, ni kazi ya maisha au ya kupita tu? Na yeye amuunge mkono nani?

Dada yangu, muunge mkono binti, ila usimfukuze baba mezani, maana baadhi ya hofu zake zina msingi. Na ujue mapema nani anakujibu: mimi hukaa meza ya utetezi. Wateja wangu ndio wanaoshtakiwa na ofisi anayoitamani mwanao, kwa hiyo sina sababu ya kuipigia debe.

Tuweke sawa kwanza tunamzungumzia nani. Mauaji ya kawaida, wizi wa dukani, ugomvi wa baa, hayo ni mambo ya jimbo, na anayeyashtaki ni mwendesha mashtaka wa kaunti ambaye sehemu nyingi huchaguliwa kwa kura. Wa shirikisho ni mwingine kabisa. Nchi imegawanywa katika wilaya 94 za mahakama ya shirikisho, na ofisi za mashtaka zina wakuu 93, kwa kuwa Guam na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini vinatumia mmoja. Cheo hicho kiliundwa kwa sheria ya 1789, miaka 81 kabla Wizara ya Sheria yenyewe haijaanzishwa. Mkuu wa ofisi huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, na chama kingine kikiingia madarakani kwa kawaida naye hufunga virago. Chini yake wapo waendesha mashtaka wasaidizi. Hao ndio binti anaowataka. Ni waajiriwa, ndio wanaosimama mbele ya jaji kila siku, na kwa desturi serikali hubadilika wao wakabaki. Ohio ina wilaya 2, na ile ya kusini ina ofisi hapo hapo Columbus, na nyingine Cincinnati na Dayton.

Nikitaka kumwonyesha mtu maisha ya kazi hii humtajia Patrick Fitzgerald, kwa sababu kesi mojawapo iliyomjenga ilianzia kwetu.

Fitzgerald alizaliwa Brooklyn mwaka 1960. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, na baba yake alikuwa bawabu wa jengo la matajiri Manhattan. Kijana mwenyewe wakati wa likizo alifanya kazi ya ubawabu na ya usafi shuleni. Akasoma sekondari ya Wajesuiti isiyotoza ada, akaenda chuo cha Amherst, kisha sheria Harvard, akamaliza 1985. Akafanya kazi miaka 3 katika kampuni ya mawakili wa kesi za madai. Mwaka 1988 akaingia ofisi ya Wilaya ya Kusini ya New York, akiwa mwendesha mashtaka msaidizi kama wengine wote. (Baba wa binti asome aya hii mara mbili.)

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 waliuawa, 213 Nairobi na 11 Dar. Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote walikuwa watu wetu, makarani, wapita njia, abiria wa basi. Ofisi ya New York ilikuwa ikiufuatilia mtandao uliohusika, al-Qaeda, tangu kabla. Agosti 1997, mwaka mzima kabla ya mlipuko, nyumba ya Wadih el-Hage, mtu aliyeshukiwa kuwa wa mtandao huo, jijini Nairobi ilipekuliwa na polisi wa Kenya wakiwa na wapelelezi wa Marekani. Mwezi uliofuata aliporudi Marekani alifikishwa mbele ya jopo kuu la raia, lile linaloamua kama mtu ashtakiwe, mjini New York akahojiwa chini ya kiapo. Akadanganya. Na bado akaondoka akaenda zake Texas. Hakukamatwa mpaka Septemba 1998, baada ya watu kufa.

Hapo watu hunikatiza: kwa nini walimwachia? Jibu ni kwamba walikuwa na shaka nzito, lakini shaka haitoshi kumfungulia mtu mashtaka. Sisemi kwamba kumkamata kungeyazuia mabomu. Hilo hakuna awezaye kulithibitisha. Nasema tu kwamba mtu anayefanya kazi hii ataishi na maamuzi ya namna hiyo, na mengine matokeo yake yatakuja kumsuta usiku.

Kesi ilisikilizwa Manhattan mwaka 2001 mbele ya Jaji Leonard Sand. Mashahidi walisafirishwa kutoka Kenya na Tanzania kuja kueleza waliyoyaona. Fitzgerald alikuwa miongoni mwa waliokaa meza ya mashtaka. Tarehe 29 Mei washtakiwa wote 4, el-Hage akiwemo, walipatikana na hatia. Mwingine alikuwa Khalfan Khamis Mohamed, kijana wa Zanzibar aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999. Siku moja tu kabla ya hukumu hiyo, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa imeamua kwamba kumkabidhi kwa Wamarekani bila kwanza kupata ahadi kwamba hatanyongwa kulivunja sheria. Serikali ya Marekani iliomba adhabu ya kifo kwake na kwa mwenzake mmoja. Jopo la raia halikuafikiana, kwa hiyo wote 4 wakapata kifungo cha maisha mwezi Oktoba.

Hapa ndipo ninapomjibu baba kuhusu "kufunga wenzetu". Katika kesi ile wenzetu walikuwa pande zote. Aliyeko kizimbani alikuwa wa kwetu, na wajane waliosafiri kuja kutoa ushahidi walikuwa wa kwetu. Mtu anayejua Kiswahili, anayejua Tanga na Eastleigh na Kariakoo si majina ya kwenye ramani tu, angekuwa na faida kwenye meza yoyote kati ya zile mbili. Mimi nimechagua ya utetezi. Sioni kwamba anayechagua ile nyingine ametusaliti.

Ila sitamdanganya baba. Kwa wingi wa kesi, mahakama za shirikisho zinajaa makosa ya uhamiaji, dawa za kulevya, silaha na utapeli. Kumrudisha mtu kwao si kazi ya ofisi hii. Mahakama za uhamiaji ni mfumo mwingine, na mawakili wa serikali wanaosimama humo ni wengine. Lakini aliyefukuzwa akarudi kwa siri ametenda jinai ya shirikisho, na mwanao anaweza kukabidhiwa jalada lake. Akipangiwa kitengo cha madai, anaweza kujikuta anaitetea idara ya uhamiaji dhidi ya mtu aliyewekwa kizuizini. Hachagui wateja. Mteja ni mmoja, serikali, na mteja huyo hubadilika tabia kila baada ya uchaguzi. Binti aulizwe hilo waziwazi, na ajibu kabla hajajaza fomu yoyote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanafunzi wa sheria huwa hawalioni. Wao huota kusimama mbele ya jopo na kutoa hotuba ya mwisho. Siku hizo zipo, lakini ni chache: washtakiwa wa shirikisho takriban 9 kati ya 10 hukiri kosa kwa makubaliano. Maana yake ni kwamba kesi huamuliwa ofisini, pale mwendesha mashtaka anapoandika shtaka gani aliweke na lipi aliache. Jopo kuu linaloidhinisha hati ya mashtaka lina raia 16 hadi 23, kura 12 zinatosha, na ndani ya chumba hicho hakuna jaji wala wakili wa mshtakiwa. Yumo mwendesha mashtaka, shahidi, mwandishi wa kumbukumbu na raia. Nani atamwambia hapana? Mara nyingi hakuna.

Robert Jackson, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, aliwaita wakuu wa ofisi hizi Washington mwezi Aprili 1940 akawaeleza kwamba mwendesha mashtaka ana mamlaka juu ya maisha, uhuru na jina la mtu kuliko mtu mwingine yeyote Marekani. Hatari aliyowaonya nayo ni ya mtu kumchagua kwanza mlengwa, halafu ndipo atafute kosa la kumbandika. Vitabu vya sheria ni vinene; ukimtafuta mtu kwa bidii utampata na kitu. Kwa hiyo ukiniuliza mwendesha mashtaka mzuri namjua kwa nini, nitakwambia: kwa majalada aliyoyafunga. Hayo hayaandikwi gazetini wala hayapandishi cheo haraka, na mimi niliye upande wa pili ndiye ninayeyaona. Nimeshampelekea mwendesha mashtaka karatasi moja ya benki iliyobadilisha picha nzima, akapiga simu baada ya wiki kusema hana nia ya kuendelea. Nimeshapeleka karatasi nzito zaidi ya hiyo kwa mwingine na nisipate hata jibu.

Angalia kilichompata Seneta Ted Stevens wa Alaska. Alitiwa hatiani Oktoba 2008 kwa kutotangaza zawadi, na siku chache baadaye akapoteza kiti kwa kura chache. Ikaja kugundulika kwamba mawakili wa serikali walificha maelezo ya shahidi wao mkuu ambayo yangemsaidia mshtakiwa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Brady wa mwaka 1963, ushahidi wa namna hiyo ni lazima upande wa utetezi upewe. Aprili 2009 Mwanasheria Mkuu Eric Holder, wa chama pinzani na cha Stevens, aliomba kesi ifutwe. Kiti hakikurudi. Sitaki binti afikiri waliofanya vile walikuwa watu wabaya waliozaliwa hivyo. Walikuwa na kesi kubwa na walikuwa wanataka kushinda.

Hata Fitzgerald hakuliepuka swali la kuacha. Septemba 2001 alipewa uongozi wa ofisi ya Chicago, mji ambao hakuwa na ndugu wala deni la kisiasa kwa mtu, na ndiyo sababu seneta aliyempendekeza alimtaka. (Naye aliitwa Fitzgerald, lakini hawana undugu.) George Ryan, Mrepublican aliyekuwa gavana wa jimbo hilo la Illinois, akatiwa hatiani 2006. Gavana aliyemfuata, Rod Blagojevich, Mdemokrati, akakamatwa Desemba 2008, kesi ya kwanza ikakwama karibu mashtaka yote, ikarudiwa, na mwaka 2011 akapewa miaka 14. Katikati ya hayo, mwishoni mwa 2003, Fitzgerald alikabidhiwa kuchunguza nani alivujisha jina la jasusi wa CIA, Valerie Plame. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kuvujisha. Aliyetiwa hatiani, mwaka 2007, ni Lewis Libby wa ofisi ya Makamu wa Rais, kwa uongo chini ya kiapo na kuvuruga upelelezi, na njiani mwandishi wa habari alikaa jela siku 85 kwa kukataa kumtaja aliyempa habari. Wapo mawakili ninaowaheshimu wanaosema alipaswa kusimama pale alipojua kosa la msingi halitashtakiwa. Mimi naona uongo mbele ya jopo kuu hauwezi kupuuzwa kwa sababu tu aliyeusema ana cheo. Lakini siku 85 za yule mwandishi bado zinanikera.

Na usisahau hatima ya kazi hizo. Bush alimwondolea Libby kifungo mwaka 2007, Trump akamsamehe 2018. Blagojevich alifupishiwa kifungo 2020 akasamehewa 2025. Mwendesha mashtaka hana la kusema katika hilo. Anayetaka kazi yake idumu kama jengo, akajenge majengo.

Kuhusu kupita au kukaa, itazame meza ile ile ya 2001. Fitzgerald alikaa serikalini miaka 24, akaondoka 2012 kwenda kampuni kubwa ya mawakili. Kenneth Karas akawa jaji wa shirikisho. Michael Garcia akaja kuwa mkuu wa ofisi ile ile ya New York, akaenda kazi binafsi, akawachunguza FIFA juu ya zabuni za Kombe la Dunia, akaishia jaji wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Mary Jo White, aliyekuwa bosi wao wote, baadaye aliongoza tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa. Wengi ninaokutana nao kortini hukaa miaka kadhaa, watoto wakikaribia umri wa chuo wanaondoka. Wapo wachache wanaostaafu humo humo, na mara nyingi hao ndio napenda kufanya nao kazi, hawana haraka.

Ile desturi ya kubaki hata serikali ikigeuka sasa imetikisika, na binti lazima alijue hilo. Februari 2025 Danielle Sassoon, aliyekuwa akikaimu ukuu wa ofisi ya New York, aliagizwa na Wizara aifute kesi ya rushwa dhidi ya Eric Adams, meya wa jiji hilo wakati huo, ambaye alikana makosa. Sassoon alikataa akajiuzulu. Wenzake kadhaa wakafuata. Aprili Jaji Dale Ho aliifuta kesi na kuamuru isifunguliwe tena. Julai mwaka huo Maurene Comey, mwendesha mashtaka msaidizi wa miaka mingi katika ofisi ile ile, alifukuzwa kazi. Zamani ningemwambia mama yeyote kwamba mwanao akiingia humo ana ajira tulivu. Leo nasema awe na akiba ya miezi 6 benki, ili siku akitakiwa kutia saini asichokiamini asije akatia kwa sababu ya kodi ya nyumba.

Hilo linatuleta kwenye pesa. Kampuni kubwa humlipa wakili wa mwaka wa kwanza dola 225,000. Mwendesha mashtaka anayeanza mara nyingi hafikii nusu ya hapo. Baba yuko sahihi kwamba pengo ni kubwa. Kinachomsaidia binti ni mpango wa serikali ulioanzishwa 2007: anayefanya kazi ya umma muda wote akilipa mkopo wa shirikisho mara 120, yaani miaka 10 ya malipo ya kila mwezi, kilichobaki kinafutwa. Malipo hayo hukadiriwa kwa kipato chake. Mikopo ya benki binafsi haimo, kwa hiyo kama bado anakopa, achague kwa uangalifu, na kila mwaka athibitishe ajira yake kwa maandishi asije akaambiwa baadaye kwamba miaka yake haikuhesabiwa.

Je, ataipata? Lazima awe raia, grinkadi haitoshi. Kama mzazi mmoja alichukua uraia kabla binti hajafika miaka 18, naye akiwa na grinkadi na anaishi naye, alishakuwa raia kwa sheria bila kuapa, na anachohitaji ni pasipoti au cheti cha kuthibitisha. Awe na leseni ya uwakili ya jimbo lolote na, kwa desturi, angalau mwaka mmoja wa kazi, ingawa ofisi nyingi hutaka 3 au zaidi. Akiajiriwa aishi ndani ya wilaya au si zaidi ya maili 25 nje yake. Njia nzuri ni kuwa msaidizi wa kisheria wa jaji wa shirikisho kwa mwaka mmoja au miwili, kisha kampuni, au ofisi ya mashtaka ya kaunti ambako atasimamia kesi nyingi kwa muda mfupi. Akiniuliza mimi, namsukuma kaunti. Fitzgerald alitokea kwenye kesi za madai na hakuharibikiwa, lakini anayeingia akiwa ameshamhoji shahidi mwongo mara kadhaa huwa na subira zaidi, na subira ndiyo inayowaokoa wateja wangu.

Kuna uchunguzi wa maisha yake, na hapa ndipo watoto wetu hujikwaa bila sababu. Fomu ni ndefu. Inauliza ndugu walioko nje, safari, madeni, dawa za kulevya. Kuwa na shangazi Tanga si kosa. Kumficha shangazi ndilo kosa. Fedha mnazotuma nyumbani na mchezo wa upatu mnaocheza kina mama vina maelezo mazuri kabisa, mradi yatolewe na kodi iwe imelipwa. Bangi ni jambo lingine: Ohio iliihalalisha kwa watu wazima Desemba 2023, lakini kwa serikali ya shirikisho bado ni haramu, na watapima mkojo. Aambiwe sasa, kabla ya sherehe za kumaliza chuo.

Mwaka huu aombe mafunzo kwa vitendo hapo ofisi ya Columbus. Hayana mshahara na ukaguzi wa usalama huchukua miezi, kwa hiyo aanze mapema. Akiwa humo, aombe kukaa chumba kimoja na wakubwa wakijadili jalada la kufunga, na amsikilize nani anataka lifungwe na kwa nini. Akirudi nyumbani hataruhusiwa kuwasimulia, na msimbane. Mtamjua tu kama bado anaitaka kazi.